Nani Aliyemchagulia Zimwi Rangi?

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni juma lililopita.)

Ndugu msomaji, wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Ni methali nzuri, lakini kuna swali ambalo haikulijibu. Je, kinyago alichokichonga mtu mwingine, akakipaka rangi mtu mwingine, kisha kikawekwa mezani kwako ukaambiwa huyu ndiye adui, hicho nacho hakitishi? Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa wengi litaonekana la kitoto: visanamu vya mchezo wa vita, na hasa rangi zinazopakwa juu yake.

Najua yuko atakayesema, watu wanalia na bei ya unga, wewe unatuletea habari za midoli? Asiwe na haraka. Midoli hii imekaa mbele ya wafalme na majenerali. Imelisha familia maskini za mafundi kwa zaidi ya karne moja. Na mwaka 2020 ilifika mahali ambapo kampuni kubwa ya Marekani ililazimika kutoa tamko juu ya rangi ya ngozi za mazimwi yake. Jambo lililofika huko si la kitoto tena.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Watu wawili au zaidi huzunguka meza kubwa iliyotengenezwa vilima, miti na nyumba. Kila mmoja ana jeshi la visanamu, vingi vikiwa na kimo kisichozidi kidole gumba. Husogezwa kwa kupimwa kwa utepe wa fundi cherehani, na dadu hurushwa kuamua nani ameanguka na nani amesimama. Wapo wanaocheza vita vilivyopata kutokea, kama vile vya Napoleon. Wapo wanaocheza vita vya kubuni, vyenye majoka, majitu na mazimwi. Siku hizi visanamu vingi huuzwa vitupu, vikiwa na rangi ya bati au ya plastiki ya kijivu. Mnunuzi mwenyewe ndiye hukaa usiku na brashi nyembamba kama ukope, akivipa uhai.

Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, tulifundishwa kwamba habari haijakamilika mpaka umejibu nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Wapakaji wa visanamu hupenda sana swali la vipi, na mimi nitaligusa. Lakini leo swali langu kubwa ni nani. Nani huchagua rangi?

Tuanzie Nuremberg, mji wa mafundi katika nchi ambayo leo tunaiita Ujerumani. Katika nusu ya pili ya karne ya 18, fundi bati aitwaye Johann Gottfried Hilpert alimimina humo askari bapa wa bati, wembamba kama sarafu. Wakati huo jeshi lililosifiwa Ulaya nzima lilikuwa la Mfalme Frederick wa Pili wa Prusia, na askari wake ndio waliogeuzwa midoli. Mwaka 1839 Ernst Heinrichsen alifungua karakana yake katika mji huo huo, na kimo cha askari wake, kama milimita 30 hivi, kikawa kipimo kilichofuatwa na wengine.

Sasa, nani alipaka rangi majeshi hayo? Si Hilpert wala Heinrichsen kwa mikono yao. Walipaka wanawake na watoto, majumbani mwao, wakilipwa kwa idadi ya askari waliowamaliza. Walipewa mfano, wakaufuata. Koti buluu, suruali nyeupe, buti nyeusi. Mwenye brashi hakuulizwa anaonaje. Kama wewe umewahi kushona vifungo vya sare za watu kwa malipo ya kila kifungo, unaelewa ninachosema.

Huko huko Prusia, rangi ikapanda cheo. Mwaka 1812 Baron Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu meza ya mchezo wa vita, yenye vipande vya ardhi vilivyofinyangwa na kupakwa rangi kuonyesha mito, misitu na vijiji. Mwanawe, ofisa wa mizinga, akauboresha mchezo huo, na mwaka 1824 akachapisha kanuni zake. Sasa watu walicheza juu ya ramani, kwa vijipande vya risasi badala ya askari wenye sura. Vijipande vya upande mmoja vilikuwa buluu, vya upande wa pili vyekundu. Mkuu wa majeshi, Jenerali von Müffling, alipouona mchezo huo aliupokea kwa furaha, akapendekeza ufundishwe jeshini.

Hapa tuangalie vizuri. Askari wa Prusia walivaa buluu, kwa hiyo Prusia ikajitwalia buluu. Nyekundu akaachiwa adui, awe nani awe. Uso umeondolewa, jina limeondolewa, imebaki rangi peke yake. Desturi hiyo haikufa. Katika ramani za majeshi ya NATO mpaka leo, buluu ni sisi na nyekundu ni wao.

Nimetaja risasi, na Kiswahili chetu hapa kina hekima yake. Tunayaita madini yale laini risasi, na kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki nacho ni risasi. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London iligundua namna ya kumimina askari wa risasi wenye uwazi ndani. Madini yakatumika kidogo, bei ikashuka, na Wajerumani wakapata mshindani. Watoto wa Kiingereza wakajaza sakafu kwa askari wa makoti mekundu.

Lakini wakati huo askari halisi wa Uingereza alikuwa anaelekea kuvua koti jekundu. Huko Bara Hindi, tangu katikati ya karne ya 19, Waingereza walikuwa wamejifunza kuvaa rangi ya vumbi, na neno la huko lenye maana ya vumbi ndilo hili ambalo sisi tunasema kaki. Kufikia mwaka 1902 kaki ilikuwa imekuwa vazi la vita la jeshi lote la Uingereza. Mwaka huo huo iliundwa King's African Rifles, na babu zetu wengi wakaijua kaki kwa kuivaa. Hata hivyo dukani London askari mwekundu aliendelea kununuliwa, maana mtoto hanunui vumbi.

Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, akieleza kanuni za kupigana kwa askari wa midoli na mizinga midogo ya springi. Majeshi yake aliyapa majina ya rangi: Wekundu na Wabuluu. Wells hakuwa mpenda vita. Aliona heri wakubwa wamalize hamu yao sakafuni. Mwaka uliofuata vita kubwa ililipuka, na ikafika mpaka Taveta, Tanga na Mahiwa. Mezani, askari aliyeanguka huinuliwa kesho yake. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariakoo, walikufa kwa maelfu na hawakuinuliwa.

Mpaka hapo, ndugu msomaji, rangi ilikuwa na mwalimu. Mtu akitaka kujua kifungo cha askari wa Napoleon kilikuwa cha rangi gani, alifungua kitabu cha sare. Kubishana kulikuwepo, lakini jibu nalo lilikuwepo mahali fulani, katika makumbusho au katika picha ya zamani.

Sasa linakuja zimwi. Nani amewahi kuiona ngozi ya joka? Mimi kazi yangu ni redio, na redio haina rangi. Nikisema joka, wewe msikilizaji wa Mwanza unalipaka yako kichwani, na wa Mombasa analipaka yake, wala hakuna wa kumsahihisha mwenzake. Huo ni uhuru mkubwa. Tuone ulitumiwaje.

Katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, alikuwako mpenzi wa michezo hii aitwaye Gary Gygax. Mwaka 1971 yeye na Jeff Perren walitoa kanuni za vita vya zama za mashujaa wa mapanga, zikiitwa Chainmail, na nyuma yake zikaongezwa kurasa za wachawi na majoka. Mwaka 1974, pamoja na Dave Arneson, Gygax akatoa Dungeons & Dragons, mchezo ambao umeenea duniani. Visanamu vya mazimwi vilikuwa haba. Gygax akanunua dukani mfuko wa midoli ya plastiki ya bei rahisi, iliyotengenezwa Hong Kong, ikiuzwa kama wanyama wa kale ingawa mingine haikufanana na mnyama yeyote aliyewahi kutembea duniani. Kutokana na midoli hiyo wakazaliwa dubu mwenye kichwa cha bundi, mdudu anayegeuza chuma kuwa kutu, na papa wa nchi kavu anayechimba ardhini. Fundi wa Hong Kong aliyeyabuni maumbo yale hatajwi popote mezani. Ni hadithi ile ile ya akina mama wa Nuremberg.

Katika mchezo huo majoka yalipewa rangi, na rangi ikawa lebo. Joka jeupe hupuliza baridi kali, jekundu hutapika moto, jeusi hutema tindikali, la buluu hurusha radi, la kijani hutoa hewa ya sumu. Joka la dhahabu ndilo jema. Mchezaji akiona rangi tu, anajua cha kuogopa. Kwa mchezo, hii ni akili nzuri, maana inaokoa muda. Lakini angalia tulipofika: rangi haisemi tena ni jeshi gani, inasema una tabia gani.

Sasa nije kwenye swali la vipi, kwa kuwa ufundi huu una mafunzo yake.

Mpakaji huanza na andakoti, nyeusi au nyeupe. Uamuzi huo wa kwanza ndio unaotawala mengine. Nyekundu juu ya nyeupe huwaka; juu ya nyeusi hupoa. Manjano juu ya nyeusi hufa kabisa, hata uipake mara nne. Kisha hufuata rangi ya msingi, ambayo hupakwa nyepesi, mara mbili au tatu, kwa sababu rangi nzito hufukia macho na vidole, kama chokaa inavyofukia nakshi za mlango wa kale.

Baada ya hapo kuna tatizo la mwanga. Jua halijui kwamba kisanamu kile ni jitu. Mikunjo yake ni midogo mno, haitoi kivuli cha kulidanganya jicho. Kwa hiyo mpakaji hukipaka kivuli chenyewe. Huchukua rangi iliyolegezwa sana kwa maji, akaimwaga juu ya kisanamu, nayo hutiririka ikatulia mabondeni, kati ya magamba na chini ya kwapa. Ikikauka, huchukua brashi, huichovya katika rangi iliyo nyepesi zaidi kwa mwanga, huifuta kwenye kitambaa mpaka inakaribia kukauka, kisha huipitisha juu juu. Vilele tu ndivyo vinavyoshika rangi. Manyoya husimama, magamba hung'aa. Nimetazama mkono wa mtu anayeijua kazi hii, na kwa dakika kumi kipande cha plastiki kilianza kupumua.

Na rangi ya kiumbe asiyekuwapo huchukuliwa wapi? Wenye busara huichukua kwa viumbe waliopo. Mwaka 1896 mchoraji wa Kimarekani Abbott Thayer alieleza kwa nini wanyama wengi huwa weusi-weusi mgongoni na weupe tumboni: mwanga wa juu hung'arisha mgongo na kivuli hutia giza tumbo, vikakutana, mnyama akapotea machoni. Mtazame swala. Joka lenye tumbo lililopauka huaminika kwa sababu hiyo hiyo. Na anayedhani zimwi lenye kichwa chekundu na mwili wa buluu ni kichekesho, aende kwenye mawe ya Mwanza amwone mjusi dume akiota jua. Hata majina ya rangi katika Kiswahili yanatufundisha njia hiyo. Kijivu kimetoka kwenye jivu, kijani kwenye jani, kahawia kwenye kahawa. Lugha yetu ilipotaka rangi ilikwenda kutazama vitu.

Lakini mbele ya macho yanayotazama husimama soko. Chukua kiumbe aitwaye orki. J. R. R. Tolkien, aliyemtangaza katika riwaya yake ya The Lord of the Rings ya mwaka 1954 na 1955, hakumfanya wa kijani. Kitabu cha mazimwi cha Dungeons & Dragons cha mwaka 1977 kilimpa rangi ya kahawia, au kahawia yenye ukijani. Kisha wakaja Waingereza. Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975, na baadaye ikasaidia kuanzisha kiwanda cha visanamu cha Citadel katika mji wa Newark. Mwaka 1983 ukatoka mchezo wao wa Warhammer, na katika miaka hiyo ya 1980 orki wao akawa kijani kibichi kama jani la mgomba. Kwa macho ni chaguo la werevu, maana kijani na nyekundu hukuzana, na orki wa kijani mwenye ngao nyekundu huonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Kampuni hiyo iliuza visanamu, ikauza kanuni, ikauza jarida, ikauza na vikopo vya rangi vyenyewe. Kuanzia mwaka 1987 ikaandaa mashindano ya wapakaji yaitwayo Golden Demon. Mnunuzi alikuwa huru kumpaka orki wake rangi ya chungwa, hakuna askari wa kumkamata. Lakini kila picha kwenye boksi na kila ukurasa wa jarida ulimwonyesha kijani. Kufikia mwaka 1994, mchezo wa kompyuta wa Warcraft ulipotoka, orki wake nao walikuwa kijani. Jambo lisilo na ukweli wowote nyuma yake likawa sheria bila bunge kukaa.

Kijani hakimuumizi mtu, maana hakuna taifa la watu wa kijani. Lakini mwaka 1978 Dungeons & Dragons ilileta watu waitwao Drow: jamaa wa chini ya ardhi, wakatili, wenye ngozi nyeusi na nywele nyeupe. Katika hadithi zilizoongezwa baadaye, weusi wao ulielezwa kuwa ni alama ya laana. Msomaji anayekumbuka jinsi hadithi ya laana ya Hamu ilivyotumiwa kuhalalisha utumwa hatahitaji maelezo marefu.

Na hapa ndipo brashi ilipojua zaidi kuliko kalamu. Mpakaji aliyechukua nyeusi ya kopo akampaka Drow, aligundua kwamba kisanamu kimekufa. Nyeusi tupu haina pa kuwekea kivuli. Kila kitu kinakuwa shimo. Wengi wakakimbilia zambarau, buluu au kijivu. Lakini yule anayetaka kupaka ngozi nyeusi ya binadamu halisi hujifunza jambo jingine: kwamba ngozi yetu si nyeusi ya kopo. Huanza na kahawia iliyoiva. Kivuli hutiwa kwa buluu au zambarau. Mwanga wa kwenye shavu na begani hutiwa kwa kahawia yenye wekundu au uchungwa, kamwe si kwa nyeupe, maana ukitia nyeupe ngozi inapauka, kama ya mtoto aliyetoka kuoga bila kupakwa mafuta. Mtu hawezi kuipaka vizuri mpaka amemtazama mtu mweusi kwa makini, mwangani, kama mtu. Aliyeandika kwamba weusi ni laana hakulazimika kutazama hivyo.

Mwezi Juni 2020, wakati maandamano baada ya kifo cha George Floyd yakiitikisa Marekani, kampuni ya Wizards of the Coast, yenye mchezo huo, ilitangaza kwamba orki na Drow wataelezwa kama watu wenye wema na ubaya kama wengine, wala si waovu kwa kuzaliwa. Wapo waliolalamika kwamba mchezo ni mchezo tu. Mimi siwaiti wabaguzi. Mtoto anayerusha dadu hamchukii mtu. Lakini nasema aliyezoea miaka 40 kuijua tabia kwa kutazama ngozi amezoea jambo, na mazoea hayakai mezani peke yake.

Wala tusijifanye malaika. Sisi wenyewe humsifu mtu kwa kusema ana moyo mweupe. Nimeona michezo ya kuigiza ya shule ambamo mchawi, kabla hajasema neno, amepakwa masizi usoni. Mwalimu hakukusudia ubaya. Alitaka wa nyuma ukumbini wamtambue mchawi haraka. Ndivyo walivyotaka waliopaka adui nyekundu juu ya ramani za Prusia.

Kwa hiyo nirudi kwenye swali langu. Kwa zaidi ya karne moja rangi ilichaguliwa na karakana na jeshi, na mkono maskini ukaipaka bila kuulizwa. Leo mkono unaopaka ni wa mwenye mchezo mwenyewe. Amelipia kisanamu, ameketi peke yake na taa yake, na zimwi mbele yake bado ni la kijivu, halijawa mwema wala mwovu. Hakuna mfalme wala msimamizi nyuma ya kiti chake. Akichovya brashi bila kufikiri kwa sababu picha ya kwenye boksi imeonyesha hivyo, basi bado anafanya kazi ya Nuremberg, na safari hii yeye ndiye anayelipa.

Methali ilisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Mimi naongeza kwamba ulichokipaka mwenyewe hakikudanganyi, ikiwa kweli ni wewe uliyechagua rangi.

Tukutane juma lijalo.